Bibi akifika kaunta akasema "kanivunjia heshima", askari anaandika nini?

#1 Kaunta ya Usiku

Wakuu, salaam.

Nina hoja na nina swali. Hoja: mafunzo ya askari wetu kuhusu ukatili wa kingono yana sura mbili tu, ya mtoto na ya mke. Dawati lenyewe la Polisi Tanzania linaitwa la Jinsia na Watoto. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza 2017/18, ulikuwa wa Wanawake na Watoto. Mwanamke wa miaka 78 kwenye sheria yumo, darasani hayumo. Askari anamaliza kozi anajua namna ya kuongea na mtoto wa miaka 9, hajui aanzie wapi na bibi aliyemzidi nusu karne.

Bibi anakuja asubuhi na mkongojo wake, anasema "huyu kijana wa jirani kanivunjia heshima usiku". Kaunta inaandika "lugha ya matusi", anapewa namba ya RB (kitabu cha taarifa cha kituo), anaambiwa aende kwa mtendaji wa mtaa wakasuluhishwe. Hakuna aliyekula rushwa wala aliyekataa kazi. Kesi imekufa kwa sababu mtu hakusikia alichoambiwa.

Swali: ukipewa saa sita na askari 30 wa kaunta, si wapelelezi, ungewafundisha nini? Na nyinyi mnaona kesi hizi zinapotelea wapi?

#2 Msamiati wa Nyumbani

Saa ya kwanza yote ni lugha. Mwanamke mzee hasemi "nimebakwa". Neno hilo kwake ni la redioni. Atasema kanichezea, kanifanyia tabia mbaya, kanilalia, kaniaziri, kanitia najisi, kanitoa utu wangu. La hatari kuliko yote ni "kanivua nguo", kwa sababu kwa Kiswahili cha kawaida mtu akikuumbua mbele za watu amekuvua nguo. Askari anasikia fumbo, bibi anamaanisha nguo.

Dawa yake ni swali moja la kufungua: "Ilikuwaje bibi?" Halafu unanyamaza. Akisita, "Ikawaje?" Akifika kwenye fumbo, "Ukisema kukuvunjia heshima, alifanya nini?" Usimtangulizie neno "alikubaka?", maana atajibu ndiyo au hapana kwa heshima ya sare yako na hutajua amejibu nini.

Maneno yake yaandikwe kama yalivyotoka, kwenye alama za kunukuu. Ukitafsiri "kanilalia" ukaandika "alimwingilia kimwili bila ridhaa", hayo tena si maelezo yake, ni yako.

#3 Wakili wa Korido

#2 kanena vizuri, ila asipomalizia, kesi inafia mahakamani badala ya kaunta. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinataka kuthibitishwa kuingiliwa, hata kidogo namna gani. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006, na tunanukuu kila wiki, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe: kama ni mtu mzima, aseme aliingiliwa na hakuridhia. Ni kweli kuna maamuzi ya baadaye yanayokubali lugha ya mafumbo kwa kuwa watu wetu hawatamki mambo ya faragha waziwazi. Lakini hiyo ni kamba ya kuokolea kwenye rufaa. Askari asipange kuitumia.

Bibi asipoweza kutamka, aonyeshe. Mchoro wa mwili mbele na nyuma, karatasi moja, penseli. Kisha andika: "shahidi anaonyesha kwa kidole sehemu ya siri ya mbele, anasema 'aliingiza hapa'".

Na kitu ambacho kila askari akikariri mfuko wake utajaa baraka: kifungu hichohicho cha 130(4) kinasema si lazima kuwe na majeraha ya kupambana ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. "Mbona huna hata mkwaruzo?" si swali la kisheria.

#4 Jiwe la Pwani

Saa sita? Toa chai ya saa nne, toa swala, toa mgeni rasmi kufungua mafunzo na mgeni rasmi mwingine kufunga. Umebakiwa na mbili na nusu.

Tukirudi kwenye mada, nawapinga wote watatu. Lugha ni dalili, ugonjwa ni haya. Bibi haongei kwa sababu mkalimani wake ni mkwe wake! Kaja na mke wa mwanawe, au na mwanawe wa kiume, au na mjukuu kamshika mkono. Nani atataja uchi wake mbele ya mkwe? Hata ukimpa mchoro wenye rangi tatu hataonyesha. Mtoe mkwe nje kwanza, mpe kiti chenye mgongo bibi, mwamkie shikamoo ukiwa umekaa, si umemsimamia. Halafu ndiyo mje na vifungu vyenu.

#5 Kaunta ya Usiku

@Jiwe la Pwani, hapo kwa mkwe umenipa kitu. Lakini kama bibi anaongea kilugha tu na kituoni hakuna anayekijua?

#6 Afisa wa Kata

Mkalimani atafutwe nje ya ukoo. Mwanamke wa makamo, asiwe wa mtaa uleule, asiwe na undugu na mtuhumiwa. Muuguzi wa zahanati, mwalimu, mama wa kanisani au madrasa. Jina lake na lugha aliyotafsiri viingie kwenye maelezo, naye asaini.

Naongeza suala ambalo kozi yoyote iliyoandikwa nje ya nchi haitakuwa nalo: utani wa bibi na mjukuu. Kwetu bibi humwita mjukuu "mume wangu", mjukuu naye humwambia "mke wangu leo umepika nini". Ni utani halali na mtamu. Sasa mjukuu wa miaka 25 akilalamikiwa, utetezi wake wa kwanza kaunta ni "tunataniana tu na bibi", na kaunta nzima inacheka. Kicheko hicho bibi akikisikia, harudi. Zoezi la darasani liwe hili: mmoja aigize mjukuu mcheshi, mwingine askari, na askari apimwe kwa jambo moja, je, alicheka?

#7 Mpita Njia 61

Kama ni mjukuu si ashtakiwe kwa maharimu (kujamiiana na ndugu wa damu) moja kwa moja? Yana adhabu nzito.

#8 Wakili wa Korido

@Mpita Njia 61, hapana, na ni kosa linalofanywa mara nyingi. Kifungu cha maharimu kwa mwanaume kinawataja mjukuu wake wa kike, binti yake, dada yake na mama yake. Bibi yake hayumo. Kisome polepole utaona. Mjukuu aliyemwingilia bibi yake bila ridhaa anashtakiwa kwa ubakaji, kifungo kisichopungua miaka 30. Ukiandika maharimu, hati ya mashtaka inaanza safari ikiwa na pancha.

Tahadhari kwa wote: sheria zetu zimefanyiwa urekebu, lipo Toleo la 2023. Mimi nataja namba zilizozoeleka. Hakikisheni kabla ya kunukuu popote.

#9 Nesi wa Zamu

Mnaongea sana maelezo, mgonjwa yuko wapi? Saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kisha siku 28 mfululizo. Bibi mwenye dalili za mshtuko, damu au maumivu ya nyonga atibiwe kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ifuate. Hakuna sababu ya kumrudisha kituoni mtu anayetoka damu akafuate karatasi.

Yafuatayo huwa yanaharibika kwa wazee hasa:

Dawa za kuzuia VVU hupuuzwa. Mhudumu anaona "hapati mimba huyu" na akili yake inafunga mlango mzima, wakati VVU, kaswende, kisonono na homa ya ini B havijui umri. Askari anayemsindikiza aulize wazi: "Amepewa dawa za VVU?" Tenofovir inapita kwenye figo, na wazee wengi wana presha na kisukari, kwa hiyo damu ipimwe figo. Dozi ya kwanza isisubiri majibu.

Mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi siku nyingi ni mkavu na ngozi ya ndani ni nyembamba. Huchanika na kuvuja damu kirahisi. Hiyo ina pande mbili: majeraha yanaweza kuwa makubwa kuliko ya binti, na kwa upande wa pili mtetezi atasema ni ukavu wa uzee. Daktari aandike jeraha liko saa ngapi ukitazama kama saa ya ukutani, urefu wake kwa milimita, kama ni bichi. "Michubuko ukeni" peke yake haisaidii mtu.

Magoti na nyonga havikunjuki. Usimlazimishe kulala chali miguu juu. Alale ubavu wa kushoto, kifaa kidogo kabisa, kilowekwe maji safi.

Na jamani, msimpakize bodaboda.

#10 Mombasa Kilindini

Hamjambo majirani. Huku Kenya tofauti ni karatasi na jina la kitabu tu, OB badala ya RB. Kuna fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa) inayojazwa hospitalini kwa nakala tatu, halafu P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Kosa la kila siku ni askari kumtuma mzee na P3 bila kuuliza kama PRC ilishajazwa, anachunguzwa mara mbili bila haja.

Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 31, inamruhusu hakimu kumtangaza shahidi kuwa dhaifu kwa sababu ya umri pia, kisha akatoa ushahidi nyuma ya kizuizi au kupitia msaidizi. Lakini hakimu hatajua kama mpelelezi hakuandika kwenye faili kwamba shahidi hasikii vizuri sikio la kulia na huchanganyikiwa jioni. Kwa hivyo nakubaliana na #1, kaunta ndiko mambo yote huanzia.

Lakini msisahau kwamba wazee wenyewe hawajakaa tu. Korogocho, Nairobi, akina shosho, yaani mabibi, walianza mazoezi ya kujikinga, wanaita Shosho Jikinge: kupiga pua kwa kiganja, kupiga kelele "hapana", kukimbia. Walikuwa wakivamiwa na vijana, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni imani kwamba mzee hana virusi.

#11 Mchungaji Mbuzi

Hapo umegusa. Chanzo ni imani tu. Mganga anamwambia mtu alale na kikongwe apate utajiri. Hata yale ya teleza kule Kigoma Ujiji, wanaume wanajipaka mafuta wanaingia ndani usiku, ni mambo ya kishirikina.

#12 Afisa wa Kata

@Mchungaji Mbuzi punguza mwendo. Teleza walijipaka mafuta ili wasishikike, jina linajieleza. Na waliowindwa hawakuwa wazee peke yao, walikuwa wanawake wanaoishi bila mwanaume ndani: wajane, walioachika. Kilichowaunganisha ni mlango dhaifu na nyumba isiyo na mtu wa kusikia kelele. Ukimfundisha askari kwamba chanzo ni mganga, atatafuta hirizi na kuacha kuangalia komeo lilivyovunjwa.

#13 Mchungaji Mbuzi

Sawa, nimepunguza. Ila imani ipo, huwezi kuifuta. Kanda ya Ziwa wazee wa kike waliuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Mtu aliyekwisha kukubaliana na kijiji kwamba fulani ni mchawi haoni kama anambaka mtu.

#14 Afisa wa Kata

Hilo la mwisho silikatai. Na kwa askari lina maana moja ya kazi: mzee aliyepachikwa uchawi akileta lalamiko lolote, la kuibiwa kuku au la kuvunjiwa dirisha, aulizwe akiwa peke yake kama kuna kingine.

#15 Kijana wa Lewisham

Salaam kutoka London. Wanaosema ni suala la Afrika na waganga wasome kesi ya Delroy Grant. Kati ya 1992 na 2009 aliingia nyumba za wazee kusini mwa London, usiku, wengi wao wakiishi peke yao, akaiba na kuwabaka, wanawake na wanaume. Polisi walikuwa na vinasaba vyake miaka yote hiyo, kwenye operesheni iliyoitwa Minstead. Mwaka 1999 namba ya gari iliwafikisha karibu na jina lake. Wakalichanganya na Delroy Grant mwingine ambaye vinasaba vyake tayari vilikuwa kwenye hifadhi na havikulingana, wakamwondoa kwenye orodha. Alikamatwa Novemba 2009, akahukumiwa 2011 kifungo cha maisha kisichopungua miaka 27.

Funzo kwa askari: unamwondoa mtu kwa vinasaba vyake yeye. Jina si mtu. Kwetu ambako kijiji kimoja kina Juma Hamisi saba, hili si la mbali.

La pili: mengi yalianza kama taarifa za wizi. Askari anayeandika "ameibiwa redio na shilingi elfu kadhaa" kwa bibi anayeishi peke yake aulize: "Mbali na vitu, alikugusa?"

#16 Nesi wa Zamu

Hili swali la mwisho la #15 libandikwe ukutani.

#17 Afisa wa Kata

Kesi za watu wa nje ndizo huingia magazetini, ndiyo maana tunazijua. Anayemwogesha bibi, anayemlisha, anayeshika kadi yake ya benki hatajwi popote, kwa sababu bibi akimtaja jioni nani atampa uji? Dalili zake askari hawezi kuzisoma kaunta kwa kuwa bibi hafiki kaunta. Atazisoma akienda nyumbani kwa jambo lingine: mtu anayejibu kila swali kwa niaba ya mzee. Mzee anayekataa kuogeshwa na mtu mmoja tu lakini kwa mwingine hana tabu. Nguo ya ndani yenye damu imefichwa chini ya godoro. Maambukizi ya mkojo au ya zinaa yanayorudi kwa mtu ambaye kila mmoja anasema "alishaacha hayo mambo".

Namna ya kuwatenganisha bila vita: "Naomba unionyeshe dawa anazotumia na kadi yake ya kliniki." Mlezi anakwenda chumbani na askari mmoja, mwingine anabaki na mzee. Ndiyo maana mwende wawili.

#18 Takwimu Kwanza

Samahani nauliza kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hupata ukatili wa aina fulani kwa mwaka, lakini wa kingono ni asilimia 0.9 tu. Kwa nini tutumie saa sita kwa asilimia moja?

#19 Kaunta ya Usiku

Hiyo 0.9 ni ya waliojibu dodoso. Tafiti nyingi za aina hiyo huacha wenye ugonjwa wa kusahau, na aliyelala kitandani mlezi wake ndiye anayefungua mlango. Halafu asilimia moja ya wazee wote wa nchi ni watu wengi kuliko wanaoibiwa magari, na kwenye magari tuna kitengo kizima.

#20 Daktari wa Wilaya

Nisahihishe na niongeze kuhusu kuchanganyikiwa, kwa sababu naona #10 amepita haraka.

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, siku mbili tatu, si sawa na mwenye ugonjwa wa kusahau wa miaka. Maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, upungufu wa maji au dawa za usingizi humfanya mzee aongee hovyo, na maambukizi ya mkojo yanaweza yenyewe kuwa matokeo ya kubakwa. Askari akiandika "hana akili timamu" Jumatatu, Ijumaa baada ya dawa bibi anaongea kama mwalimu, lakini neno limeshaganda kwenye jalada. Andika ulichoona: "alitaja siku kuwa Jumapili, alimtambua mwanawe, alirudia mara tatu kwamba 'yule wa shati jekundu aliniumiza'". Urudi tena.

Mwenye ugonjwa wa kusahau aulizwe asubuhi, si jioni. Swali moja kwa wakati. Miwani na kifaa cha sikio viwepo. Usimuulize "saa ngapi", muulize "kabla ya kula au baada?", "kulikuwa na mwanga?". Kupotea kwa tarehe hakufuti tukio.

Alama za mwili. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 uliofuatilia wazee kuona michubuko ya kawaida hutokea wapi. Karibu asilimia 90 ilikuwa mikononi na miguuni, na hakuna hata mmoja uliokuwa shingoni, masikioni, sehemu za siri, makalioni au nyayoni. Kwa hiyo baka la nyuma ya kiganja kwa mtu anayekunywa aspirini au warfarin halina uzito, baka la sikioni au kwenye makalio lina uzito mkubwa. Na rangi haisemi siku: kuna michubuko iliyokuwa ya njano tangu siku ya kwanza. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu, basi papasa taratibu kwa idhini yake, andika uvimbe, joto na maumivu.

#21 Jiwe la Pwani

Daktari umeandika kitu kirefu chenye maana, kesho mvua ya mawe.

Mmoja kati yenu ajibu hili: bibi wa huku kwetu akipatwa na hilo, kabla ya alfajiri ameshakoga janaba na kusali. Mkimfika saa mbili asubuhi mnamgombeza "kwa nini umeoga, umeharibu ushahidi". Hajaharibu chochote, kajitoharisha.

#22 Maabara Moja

@Jiwe la Pwani, kuoga hakufuti vyote. Ukeni sampuli inaweza kupatikana siku kadhaa baadaye, kwa hiyo apelekwe hata kama ameoga. Na vitu vilivyobaki nje ya mwili ndivyo vyenye utajiri: nguo ya ndani, kanga aliyolalia, shuka, kitambaa cha kujifutia, nepi ya mtu mzima kama anatumia. Nepi hutupwa wakati wa usafi, na ni kielelezo bora.

Ufungaji: kila kitu bahasha yake ya kaki. Nailoni inatunza unyevu, kuvu inakula sampuli. Kama ni mbichi, ianikwe kivulini juu ya karatasi safi, isipigwe jua wala pasi. Usikunje doa juu ya doa, weka karatasi katikati. Glovu mpya kwa kila kitu. Juu ya bahasha: namba ya RB, kilichomo, mahali, tarehe na saa, jina la aliyechukua. Saini ipite juu ya gundi. Halafu rejista ya vielelezo, na kila mkono unaopokea unaandikwa hadi kwa Mkemia Mkuu.

Kama aliingiliwa mdomoni, mdomo upanguswe kabla hajapewa chai. Ndiyo, najua mila inasema mgeni apewe chai kwanza. Dakika mbili tu.

#23 Sajini wa Mapokezi

Nimesoma yote. Mazuri, lakini mnamfundisha nani? Askari wa kaunta anahamishwa. Umemfundisha Januari, Agosti yuko kwenye lindo la benki. Mkitaka kitu kidumu, fundisheni kwenye shule ya polisi Moshi tangu kuruta, halafu badilisheni karatasi. Fomu ya mapokezi iwe na kisanduku: umri 60+? anaishi na nani? nani kamleta? aliulizwa akiwa peke yake? Karatasi haihamishwi.

#24 Msamiati wa Nyumbani

Karatasi pia hujazwa "ndiyo, ndiyo, ndiyo" bila kuuliza.

#25 Sajini wa Mapokezi

Mkuu wa kituo akikagua visanduku kila wiki hawatajaza hovyo.

#26 Msamiati wa Nyumbani

Na mkuu wa kituo hahamishwi?

#27 Pemba Juu

😂 Huku Zanzibar tuna Sheria ya Masuala ya Wazee ya 2020, na vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ushauri vinakaa pamoja. Kwa hiyo kuna mahali pa kumpeleka. Bado tatizo ni lilelile la #17: familia inayamaliza sebuleni kabla hujafika. Sheria nyingine ni zetu, msitunukulie Kanuni ya Adhabu ya Bara.

#28 Wakili wa Korido

Pemba Juu yuko sahihi, niliyosema ni ya Bara. Kuhusu kuyamaliza: suluhu huruhusiwa kwa makosa madogo ya kibinafsi. Ubakaji ni kosa kubwa, halina mbuzi wa faini. Askari anayesimamia kikao cha ukoo anajiweka pabaya mwenyewe.

Nimerudi humu kusema kuhusu kifo. Mwathirika ana miaka 81, kesi itachukua muda. Kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maelezo ya maandishi ya mtu aliyefariki au asiyejiweza kwa ugonjwa wa mwili au akili, lakini masharti yote yatimie pamoja. Yasainiwe. Yawe na tamko kwamba ni ya kweli kadiri anavyojua na kuamini, na kwamba anajua yakiwa ya uongo atashtakiwa. Kama hajui kusoma, asomewe kabla ya kutia dole, na msomaji aambatanishe tamko lake. Nakala wapewe upande wa pili kabla ya usikilizwaji, wakae siku 10 bila kupinga. Askari hawezi kudhibiti hayo ya mwisho, lakini matatu ya mwanzo ni yake, na ndiyo hukosekana.

Kifungu cha 127 kinataja "uzee uliokithiri" kama moja ya sababu za mtu kuonekana hawezi kutoa ushahidi, pale tu anaposhindwa kuelewa maswali au kujibu kwa mantiki. Umri peke yake haumwondoi mtu kizimbani. Na mahakama ikiridhika kwamba mwathirika anasema kweli tupu, inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wake yeye mmoja.

#29 Mpita Njia 61

Na mzee wa kiume? Watu wote mnasema bibi, bibi.

#30 Nesi wa Zamu

Swali zuri. Babu aliyelala kitandani ana hatari ileile. Atasema "nina bawasiri" au "tumbo linauma". Aliyepata kiharusi hasemi kabisa. Mkaguzi wa sehemu ya nyuma ni daktari, kazi ya askari ni kuandika kwenye PF3 kile anachoshuku. Ukiandika "maumivu ya tumbo", daktari ataangalia tumbo.

#31 Wakili wa Korido

Na kwa Bara hati haitasema ubakaji, kifungu cha 130 ni cha mwathirika wa kike. Utaenda 154 (kosa la kinyume cha maumbile) au udhalilishaji mkubwa wa kingono, 138C. Kenya naona kifungu chao cha 3 hakibagui.

#32 Mombasa Kilindini

Ndiyo, hakibagui. Asanteni kwa darasa. Aliye Kenya akikwama usiku, simu ya msaada wa ukatili wa kijinsia 1195 ni bure.

#33 Kaunta ya Usiku

Nimeanza kupanga ratiba kwa haya: lugha na mkwe asubuhi, zoezi la mjukuu mcheshi kabla ya chai, bahasha za kaki baada ya chai, mchana dalili za mwili na maelezo ya 34B. Visanduku vya Sajini vitajadiliwa mwishoni, watu wakiwa wamechoka hawabishi.

#34 Sajini wa Mapokezi

Watabisha. Halafu Wakili, somo lako la 34B bado lina tundu. Kituo kidogo, usiku, askari ni mmoja. Ndiye anaandika maelezo, ndiye anamsomea bibi asiyejua kusoma. Tamko la msomaji anasaini nani?